Nyuma ya Goli la Upande wa Garissa

Tangu nirudi Changamwe, kila anayenikuta ananiuliza swali lile lile: ulikutana na wachezaji? Nilikutana nao. Ni warefu, wananuka dawa ya misuli, na jina lako hawalikumbuki. Hilo limekwisha. Yaliyonitokea hasa hayasimuliki kwenye ngazi za ploti mtu akiwa na ndoo ya maji mkononi, kwa hiyo nimeyaandika. Mdogo wangu Rehema atawasomea walio wavivu.

Mambo ya barua za chuo na kuomba nafasi nitayaruka. Mnajua kwamba likizo hii nilikuwa kwenye mafunzo ya kazini katika idara ya michezo ya kituo kimoja cha redio, tawi la Mombasa. Wiki za mwanzo kazi yangu ilikuwa kuchemsha chai na kupiga chapa matokeo ya mechi nisizoziona. Kisha Nairobi wakataka mtu wa kusimama na kipaza sauti nyuma ya goli, mechi ya kombe itakayochezwa Mwingi. Mkubwa wangu akapitisha macho ofisini, akaniona, akasema, "Mwende ni Mkamba, atawafaa." Mnanijua. Kikamba changu ni cha kuomba chakula na kuelewa nikitukanwa.

Mama nilipomwambia hakuuliza kitu. Aliacha karai lake la viazi, akanivutia kiti, akanimiminia chai, akaweka mahamri, akakaa kimya mpaka nikamaliza. Mama ndivyo alivyo, nikajiambia. Ningemwambia naenda mwezini angeniuliza kama nimekula.

Mombasa hadi Sultan Hamud

Basi lilinishusha Sultan Hamud asubuhi, baridi ikiwa ya kuuma masikio. Niliambiwa gari la redio kutoka Nairobi lingenipitia hapo, na kwamba ndani yake atakuwamo Bi. Syombua.

Kwa wasiofuatilia mpira, Bi. Syombua ndiye sauti ya Jumapili. Ndiye anayetangaza mechi kwenye redio ya mama tangu mimi niko chekechea. Sikuwahi kuona picha yake, na nadhani sikutaka.

Gari lilichelewa. Nikaketi kwenye kibanda cha chai karibu na reli ya zamani, na kwa sababu mdomo wangu haujui kutulia, nikamwambia mwenye kibanda ninayemngoja. Hapo nikazua mjadala. Mzee mmoja mwenye koti la mvua akasema Syombua ni mwanamke mkubwa sana, mrefu kama mlango.

"Wewe umemwona wapi?" mwenye kibanda akamuuliza.

"Si nasikia sauti? Hiyo sauti inaweza kutoka kwa mtu mdogo?"

Mwingine akaapa kwamba ni mwanaume, anaiga. Walibishana mpaka chai yangu ya pili ikapoa. Kisha pikapu nyeupe iliyojaa vumbi ikasimama, na akashuka mwanamke mfupi, wa makamo, amevaa sweta ya kijani iliyofumwa kwa mkono, anaweza kujificha nyuma ya gunia la maharagwe. Akasema, "Kuna chai hapa, ama nimechelewa?"

Ilikuwa ile sauti. Mzee wa koti la mvua alivua kofia. Mimi nilisimama na kikombe mkononi, nikasahau salamu, nikasahau hata jina langu alipoliuliza.

Sultan Hamud hadi Wote

Dereva wetu alikuwa Abdi, kijana wa Mwingi ambaye pia ndiye fundi mitambo: nyaya, betri na mlingoti vyote ni vyake. Mimi nilikaa katikati yao, magoti yakigusa gia.

Hatukuwa tumefika mbali Bi. Syombua akaniambia, "Mwende, nieleze tunapopita. Mimi ni msikilizaji, sioni."

Nikaanza kwa majivuno. "Kushoto kuna kilima chenye mawe."

"Kushoto ya nani?"

"Kushoto yetu, Madam."

"Mimi niko jikoni Kilungu nasonga ngima. Kushoto yangu kuna sufuria."

Abdi akacheka mpaka gari likayumba. Ilibidi nianze upya: kilima kiko upande jua linakochomoza, barabara inakikwepa, mbuzi wanateremka kutoka juu kuja kwetu. Kila niliposema "hapa" au "pale", alinikatiza. Kufika Wote nilikuwa nimechoka kuliko mtu aliyekwenda kwa miguu. Lakini nilianza kuona kitu. Miaka yote nilikuwa nikiuona uwanja akilini nikisikiliza redio ya mama, na kumbe kuna mtu aliyekuwa akiujenga, neno kwa neno, bila kuniambia.

Mjini Wote tulisimama kununua machungwa. Bi. Syombua aliuliza bei, basi, bei tu, na akina mama wa safu nzima wakageuka. Mmoja akamsogezea ndoo nzima na kukataa malipo. Akasema, "Wewe unatuletea mpira kila Jumapili. Leo beba machungwa."

Wote hadi mto Athi

Baada ya hapo lami iliisha na sisi tukaanza kula vumbi. Karibu na mto Athi lori la mchanga lilikuwa limekwama katikati ya njia, na wanaume waliokuwa wakilisukuma walikuwa wamefika ile hatua ya kuketi kivulini na kulitazama. Tukaketi nao. Machungwa yakazunguka.

Hapo ndipo Bi. Syombua akanieleza kazi ya siku hiyo. Kipa wa timu kutoka Nairobi ni mtoto wa Kanyangi, anaitwa Kioko. Kabla ya mechi, redio ingependa sauti ya mama yake: amelea vipi kipa, anajisikiaje. Dakika chache tu. Mimi ndiye ningemhoji.

Nilirudia maswali yangu kichwani mpaka lori likatoka. Ningependa mjue kwamba nilikuwa nimejiandaa vizuri sana.

Kanyangi

Tulifika tumechelewa. Bi. Syombua alikuwa kwenye simu na Nairobi, Abdi anatafuta pa kuegesha, nami nikatangulia kwa miguu hadi kwenye boma, kinasa sauti kikiwa tayari kinawaka.

Mama Kioko alikuwa amesimama uani akipepeta pojo. Alinisalimia, "Uvoo waku," akaweka ungo kiunoni na kunisogezea kigoda kwa mguu.

"Asante, mama, sitakaa," nikasema. "Nimetoka redio, Nairobi. Nimekuja kuhusu Kioko."

"Kioko?"

"Ndiyo, mama. Kioko, mwanao."

Ungo ukaanguka. Pojo zikamwagika ua mzima. Mama Kioko hakupiga kelele; aliweka mikono yote miwili kichwani, akaanza kwenda mbele na kurudi nyuma, mdomo wazi, sauti haitoki. Jirani akaruka ua. Mwingine akatokea nyuma ya nyumba, akamtazama, akanitazama mimi, akaanza kulia. Na mimi, Mwende, msomi wa chuo, nilibaki nimenyoosha kinasa sauti kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mkono wangu.

Abdi ndiye aliyetuokoa. Aliingia mbio, akanisukuma kando. "Mama, Kioko mzima. Nimeongea na kocha yake asubuhi. Kioko amekula viazi, anaongea, hana kitu."

"Amekula viazi?" Mama Kioko akauliza.

"Viazi na mayai."

Alikaa pale pale mavumbini. Yule jirani aliyekuwa akilia akageuza kilio kuwa matusi, na hayo, kama nilivyosema, niliyaelewa.

Tulipiga magoti sote, pamoja na Bi. Syombua aliyefika na simu yake, tukaokota pojo moja moja. Ni huko chini ndiko Mama Kioko alikonieleza, bila hasira, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba ya kiatu.

"Mgeni akikuja tunampea kiti. Anakaa, anakula, ndio anatoa habari. Sasa mtu mgeni anakataa kiti, anasimama hapo, anataja mtoto yangu. Hiyo ni nini? Hiyo ni kifo tu. Hata wewe ungejua. Kwani mama yako ni wa wapi?"

"Mama ni wa Kitui. Lakini tunaishi Mombasa."

"Aa," akasema, kana kwamba hilo limeeleza kila kitu, na majirani wakaitikia kwa vichwa.

Nikakaa. Ukaletwa muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, wenye maharagwe na mafuta kidogo ya ng'ombe, na hakuna aliyetuuliza lolote mpaka sahani ya mwisho ikawa tupu. Ndipo Mama Kioko akavuta kigoda chake na kusema, "Haya. Sasa niambie."

Nilimuuliza swali langu la kwanza: anajisikiaje mwanawe anapodaka mpira mbele ya watu wengi vile?

"Sijui," akasema. "Mimi sijawahi kusikia."

Nilidhani hana redio. Redio ilikuwa dirishani, ina kava la kitambaa.

"Mpira ikiwa mbali mimi nasikiliza. Ikianza kukuja kwa Kioko, nazima. Nahesabu, nahesabu, nawasha tena. Nikisikia hawajalia goli, najua mtoto ako sawa." Akatazama mikono yake. "Jioni anapiga simu. 'Mami, ulisikia ile nilidaka?' Mimi nasema, nilisikia, mwana wakwa. Kila siku namdanganya. Huyu ameniuliza tangu akiwa timu ya shule."

Nilifikiri: mtoto anacheza miaka yote hiyo, na kila alilofanya vizuri limetokea redio ya mama yake ikiwa imezimwa. Nilikizima kinasa sauti. Nilihisi hayo si yangu kuyarekodi.

Bi. Syombua aliomba ungo. Akazisawazisha zile pojo kwa kiganja, akachora kwa kidole: mstari wa katikati, goli huku, goli huku. Kisha akaokota jiwe jeupe uani na kuliweka kwenye goli moja.

"Huyu ni Kioko," akasema. "Mimi nitakuambia mpira uko wapi, wewe weka kidole. Ukiona umbali uliobaki, hofu inapungua. Wakibadilishana magoli, unamhamisha."

"Na ikiwa ni kitu mbaya?"

"Itakuwa mpira tu, mama."

"Na ikiwa ni kitu mbaya," Mama Kioko akarudia, "usiniambie nikiwa nimesimama."

Bi. Syombua akasema, "Tutakuambia ukae. Ukisikia hivyo, kaa. Lakini usizime."

Mama Kioko alilitazama lile jiwe. Hakusema ndiyo.

Kitui hadi Mwingi

Kitui tulilala, na sina la kusimulia ila baridi. Kesho yake tukashika njia ya Mwingi, na kadiri tulivyoendelea ndivyo malori yalivyozidi, ya mbuzi, ya ng'ombe, ya mizigo iliyofunikwa turubai ikielekea Garissa. Abdi alikuwa akimpigia honi kila dereva wa pili. Wote ama ni binamu zake au walisoma naye.

Uwanja hauna jukwaa la watangazaji. Nilimuuliza Abdi Madam atakaa wapi, akanionyesha lori la mjomba wake, Mzee Hassan, lililokuwa linateremsha mbuzi wa mwisho. "Hapo juu," akasema. Mzee Hassan mwenyewe alilifagia, akatandika mkeka safi, akapandisha kiti cha ofisi yake. Harufu haikufagika. Bi. Syombua alipanda kwa ngazi ya mti, akavuta pumzi, akasema amewahi kukaa pabaya zaidi, na penye watu wenye suti.

Kabla ya hapo alinitembeza uwanja mzima kando ya mstari, polepole, akiupa majina. Goli hili, la upande wa Garissa. Lile, la upande wa Thika. Mstari huu, upande wa soko la mbuzi. Ule, upande wa msikiti. Aliyarudia mpaka yakawa kama yalikuwepo tangu zamani. Kisha akanikabidhi kipaza sauti na kunisimamisha nyuma ya goli la Garissa.

"Nikikuita, sema unachoona. Nisipokuita, nyamaza."

"Na nikishindwa?"

"Basi kutakuwa na kimya," akasema, "na redio haina kitu kingine cha kuonyesha."

Sikuweza kumaliza supu ya mbuzi niliyonunuliwa na Abdi. Mnaonijua mnaelewa hiyo ni hali gani.

Uwanjani

Sijui niwaelezeje watu wale. Walikuwa juu ya paa za maduka, juu ya kuta, juu ya malori yaliyopaswa kuwa safarini. Wachuuzi wa mbuzi walikuja na mbuzi wao. Kwaya ya kanisa fulani ilikuja na sare zake. Na wengi, ingawa mpira ulikuwa mbele ya macho yao, walikuwa na redio sikioni. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akasema, "Naona na macho, lakini huyu mama ananiambia vile nimeona."

Mimi pia nilivaa vidude vya masikio, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti ile na kuona inachokisema kwa wakati mmoja. Mpira ulikuwa ukimtii, au nilidhani hivyo. Aliposema unapinda kuelekea soko la mbuzi, ulikuwa unapinda. Nilitamani niwe na watu wa kuwaonyesha, nyinyi hasa.

Kipindi cha pili Kioko alikuja goli langu. Nilimwona mgongo, jezi ya manjano, glavu anazozipiga moja kwa nyingine. Nilifikiria ungo kule Kanyangi, nikajiuliza kama jiwe limehamishwa.

Kisha ukaja mpira mrefu kutoka upande wa msikiti. Kioko akatoka, mshambuliaji akaja kwa kasi, wakaruka pamoja. Nilisikia mgongano kwa masikio yangu, si kwa redio. Mshambuliaji aliinuka. Kioko alibaki amelala kifudifudi, na hakutikisika.

Uwanja wote ulizimika. Hata mbuzi, nadhani.

"Kioko yuko chini," Bi. Syombua akasema, taratibu. "Goli la upande wa Garissa. Mwende yuko hapo. Mwende, unaona nini?"

Nilifungua mdomo. Niliona mambo mengi: daktari anakimbia, wachezaji wameshika vichwa, kiatu kimoja kimemtoka mguuni. Yote yalikuwa kweli na yote yalinikwama, kwa sababu nilimwona yule mama amesimama uani, mkono unanyooka kuelekea dirishani. Ule ukimya alionionya Madam ulikuwa umeshaanza, nchi nzima inausikia, na ni wangu.

"Mama Kioko," nikasema. "Ikala nthi. Kaa kwanza, mama. Usizime."

Kisha nikanyamaza tena, kiasi cha mtu kuvuta kigoda. Bi. Syombua hakunikatiza.

"Umekaa? Haya. Amelala kifudifudi, uso ameuelekeza Thika. Daktari amefika, amepiga magoti upande wa msikiti. Mgongo wake naona unapanda na kushuka. Anapumua, mama. Wanamgeuza sasa, polepole, watatu. Macho ameyafumba. Mikono yake iko kifuani, ameikunja, hawawezi kuifungua." Nikasogea. "Ana mpira. Amelala na mpira kifuani, hajauachilia."

Kioko alifumbua macho. Alisema kitu, nami nilikuwa karibu vya kutosha kukisikia.

"Ameuliza kama uliingia," nikasema. "Haukuingia, mama. Ameudaka. Umesikia? Huu ameudaka."

Daktari hakumruhusu kuendelea, na hakukosea. Kioko alitoka kwa miguu yake, mkono begani kwa daktari, na uwanja ukasimama, mashabiki wa timu zote mbili. Kipa wa akiba alifungwa mwishoni na timu ya Nairobi ikatolewa. Hilo mlishasoma.

Bi. Syombua alishuka kwenye lori, nyasi zimemganda kwenye sweta. Nilingoja aniambie kwamba redio ya nchi nzima si simu ya mtu mmoja.

"Ulikaa kimya sana pale mwanzo," akasema.

"Samahani, Madam."

"Si kosa. Alihitaji kukaa." Akanipa chungwa la Wote lililobaki mfukoni mwake, akaenda kumtafuta Mzee Hassan amshukuru.

Kurudi

Niliomba tupitie Kanyangi tena, ingawa si njia fupi, na Abdi akawasha gari bila kubisha.

Mama Kioko alituona kwa mbali. Niliingia uani, nikasalimia, na kabla hajakigusa kigoda nilishakikalia. Majirani wakacheka sana, hasa yule wa matusi. Tulikula. Ungo ulikuwa juu ya meza ndani ya nyumba, pojo hazijapepetwa, mistari imefifia, na jiwe jeupe liko upande wa Garissa.

"Nilikaa," akasema tulipomaliza. "Wote tulikaa. Hata huyu jirani, na hana magoti mazuri. Mkono yangu ilikuwa kwa redio. Lakini uliuliza kama nimekaa, nikaona aibu, nikakaa kweli."

"Na Kioko alipiga simu?"

"Alipiga. Akaniuliza, 'Mami, ulisikia ile nilidaka?'" Alijipangusa uso kwa upande wa leso. "Nikamwambia ulikuwa umeangukia tumbo, uso umeangalia Thika, mikono umekunja hivi. Akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikafikiri simu imekatika."

Kisha akanitaka nimsimulie tena, tangu mpira ulipotoka upande wa msikiti, na nisiruke kitu.

Nilifika Changamwe jioni, watu wakiwa foleni kwa viazi vya mama. Aliniona nikija na begi. Hakuuliza ilikuwaje, hakuuliza kama sauti aliyoisikia redioni ilikuwa yangu ama ya mtu mwingine. Alimwachia Rehema karai, akanivutia kiti, akaniwekea sahani.

Nilikumbuka matokeo ya darasa la nane, na siku ile niliponyimwa nafasi ya chuo cha kwanza, na siku niliyokuja kumwambia habari za baba. Mara zote kile kiti, ile sahani, na ule ukimya, ambao miaka yote nilidhani ni wa mtu asiyejali.

Nilikula mpaka mwisho, polepole, machozi yakidondokea kachumbari. Mama aliondoa sahani, akakausha mikono kwenye leso, akaketi mbele yangu.

"Haya," akasema. "Sasa niambie."